Gitaa Limevunjika Shingo? Usikimbilie Gundi Wala Rangi

Wateja wengi wanaoleta magitaa ya umeme hapa karakana kwetu Dar huanza na rangi. "Fundi, nataka ling'ae kama jipya." Tunawasikiliza, kisha kabla ya lolote tunalichomeka gitaa kwenye amplifaya na kulipiga. Rangi ni kazi tunayoipenda sana, lakini zamu yake ni ya mwisho. Ukipuliza rangi juu ya shingo yenye ufa, umelipa pesa kuuficha ufa, na ufa hauachi kutembea kwa sababu umefichwa.

Kabla ya masika alikuja mzee mmoja wa bendi ya dansi na gitaa lake la rithim, la umbo la Les Paul (muundo maarufu wa kampuni ya Gibson), amelifunga kwenye khanga. Lilikuwa limeanguka kutoka kwenye stendi jukwaani, kichwa, pale penye funguo za kukazia nyuzi, kikakatika. Kijana wa bendi akapaka supaglu, akakaza na skrubu mbili ili onyesho liendelee. Kiwiliwili nacho kilishawahi kupakwa kwa brashi rangi nyeusi ya mafuta, ile ya mageti.

"Litapona hili, mwanangu?"

"Litapona mzee wangu, ila skrubu hizi zitatuchelewesha kuliko ufa wenyewe."

Magitaa ya umbo hilo yana udhaifu unaojulikana. Kichwa kimelala nyuma kwa digrii kama 17, kwa hiyo nyuzinyuzi za mti hapo zinakatika fupi fupi badala ya kupita moja kwa moja. Halafu palepale panapohitaji mti mwingi ndipo palipotobolewa tundu la kurekebishia fito ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Seti ya kawaida ya nyuzi za 10 hadi 46 (ni unene wake kwa sehemu za elfu za inchi) ikikazwa kwenye tyuni, inavuta kwa zaidi ya kilo 40. Huo unakaribia uzito wa mfuko wa saruji, na sehemu ile inaubeba usiku na mchana hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani.

Ufa mpya, msafi, ni kazi nyepesi: gundi ya mbao, jiriwa, saa 24 bila kuguswa. Maungio yakikaa vizuri huwa imara kama mti wenyewe au zaidi. Supaglu inaharibu nafasi hiyo. Inaingia kwenye vinyweleo vya mti na kukauka kama kioo, na gundi ya mbao ikija haina pa kushika. Skrubu ndiyo mbaya zaidi, inapasua mti kutoka ndani. Kwa gitaa la mzee ilibidi tung'oe skrubu, tukwangue gundi yote kwa uvumilivu, tuzibe matundu, kisha tuchimbe mifereji miwili nyuma ya shingo na kulaza humo vipande vyembamba vya mkangazi, mti wa ukoo mmoja na mahogani ya shingo ile. Kazi ya siku moja ikawa ya wiki mbili.

Basi gitaa likikatika kichwa, legeza nyuzi zote papo hapo. Okota kila kibanzi kilichodondoka, hata kidogo kama njiti ya kiberiti, ukitie kwenye mfuko. Usijaribu kurudishia kichwa ili uone kama kinakaa, maana kila ukijaribu unasaga zile ncha ambazo zingeshikana. Lilete hivyo hivyo.

Ndani tulikuta mambo ambayo hewa ya pwani huyaleta. Chumvi na jasho la mpigaji vimeota kutu ya kijani kwenye tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa amplifaya, voliyumu inakwaruza ukiizungusha, na waya wa athi unaotoka kwenye daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi juu ya kiwiliwili, umekatika. Hili la athi unaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Gitaa likiwa limechomekwa, likiunguruma, shika nyuzi. Mngurumo ukipungua, athi iko sawa. Kama haupungui ukishika nyuzi, lakini unapungua ukigusa chuma cha jeki, waya wa daraja umekatika. Ni lehemu ya dakika chache. Nimeona watu wakinunua pikapu mpya, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, kwa tatizo hilohilo, na inaniuma, kwa sababu pikapu ya zamani ilikuwa nzima.

Sasa rangi. Ile nyeusi tuliitoa kwa joto na kikwaruzo, tukaepuka kabisa dawa ya kubabua rangi karibu na ukingo, kwa kuwa inayeyusha utepe wa plastiki unaozunguka kiwiliwili. Hapo ni mkono na msasa tu, namba 120 hadi 320. Chini ya nyeusi kulikuwa na rangi ya asali iliyokolea kuelekea pembeni. Mzee alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akasema turudishe hiyo.

Tunapuliza NC, laka ileile ya maseremala wa fanicha, kwa koti nyembamba nyembamba zinazofika kumi. Masika ndiyo adui. Tina, ile ya kuzimulia laka, inapokauka haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na laka inapata ukungu mweupe. Kwa hiyo mvua ikinyesha hatupulizi, hata mteja apige simu mara ngapi. Baada ya koti la mwisho tunaliacha gitaa wiki tatu hadi nne likauke mpaka ndani, ndipo tunapiga msasa wa maji namba 1000 na 2000, kisha tunang'arisha. Tukiharakisha, rangi inaendelea kunywea, na mistari ya mti inajitokeza mwezi unaofuata.

Kuna magitaa tunakataa kuyapaka. Ukiniletea gitaa la miaka ya 1960 au 1970 lenye rangi yake ya kiwandani, hata kama imechubuka pale mkono ulipolalia, nitakusihi uiache. Wanunuzi wa magitaa ya zamani hushusha bei sana wakikuta rangi mpya, na michubuko ile ni ya watu waliokesha wakipiga. Tutasafisha, tutatengeneza umeme, tutasawazisha freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, basi.

Bei tunaitaja baada ya kulifungua gitaa mbele yako. Ukija, njoo na aina ya nyuzi unazopigia, maana shingo na daraja tunavirekebisha kwa nyuzi hizo, na ukibadilisha unene wake itabidi turekebishe upya.