Mama Jabir, hela za mtoto msizile

Shoga yangu Mama Jabir,

Salamu nyingi kutoka Sinza. Sisi wazima, mgonjwa ni umeme tu. Natumaini na nyie huko Tanga hamjambo, na goti la bibi limetulia. Najua umenipigia wee mpaka ukachoka. Sikupokea makusudi: kwa simu tungegombana, maana wewe ukishaanza humpi mtu nafasi. Kwa barua utanisikiliza hadi mwisho, hata kama utasonya.

Kwanza hongera, mwanao Jabir kapata nafasi ya kuigiza. Mama Nuru alinitumia ile picha ya Jabir na kikanzu cha kuigizia, nikacheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama. Yule mtoto ana macho! Na la Jabir kukaa kwangu wakati wa kurekodi halina mjadala. Aje, kaka zake wameshamwachia kitanda cha juu, na atakula tunachokula. Ukinitumia hela ya unga nitakurudishia.

Ila lile la pili, uliloligusia mwishoni mwa ujumbe kama vile halina uzito, kwamba Baba Jabir ameshapiga hesabu na malipo ya mtoto yataezeka nyumba ya Pongwe... hapo shoga nimekwama.

Unamkumbuka yule mtoto wa kwenye The Kid, filamu ya Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, mtoto mwenye kofia kubwa na suruali ya kuning'inia, anavunja vioo vya watu kwa mawe halafu Chaplin anapita nyuma kama fundi vioo? Tuliitazama kwa kina Shufaa, ukalia pale anapopakiwa garini kupelekwa kwa mayatima. Yule ni Jackie Coogan. Filamu ilitoka mwaka 1921, naye alikuwa na miaka sita. Sasa sikia kilio kilivyopatikana, Chaplin mwenyewe kaeleza katika kitabu cha maisha yake. Siku hiyo mtoto alikuwa amechangamka, machozi hayaji. Baba yake akasema niachieni mimi. Akamwambia mwanawe asipolia ataondolewa pale studio na kupelekwa huko kwa mayatima kwelikweli. Wakarekodi. Kisha Chaplin akambeba kumbembeleza, mashavu bado yamelowa, mtoto akamnong'oneza kuwa alijua baba anatania.

Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini kwanza.

Baada ya filamu ile jina lake likauza kila kitu: siagi ya karanga, wanasesere, filimbi. Mwaka 1924 alizungushwa kuchangisha misaada ya yatima na wakimbizi wa Kiarmenia na Kigiriki. Mapato yake ya utotoni yanakadiriwa dola milioni 3 hadi 4, za wakati ule! Mwenyewe akipewa dola 6.25 kwa wiki za matumizi. Mei 1935 baba akafa kwa ajali ya gari, Jackie naye alikuwamo humohumo akanusurika. Oktoba akatimiza miaka 21, akasubiri akabidhiwe chake. Kimya. Mama akaolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa akisimamia fedha za familia, na Jackie alipodai akaambiwa hakuna aliyemwahidi kitu. Na kisheria walikuwa na mahali pa kusimama, kwa sababu California wakati ule pato la mtoto lilikuwa la wazazi. Zimekwenda wapi? Magari, makoti ya manyoya, almasi. Akawashtaki mwaka 1938, mama yake mzazi, na mwisho wa yote akaambulia dola kama 126,000. Alipokwama kabisa akamwendea Chaplin, naye akamtolea dola 1,000 bila maswali. Yaani aliyemhurumia ni bosi.

Usiniambie Baba Jabir si mtu wa almasi. Najua. Na bati la Pongwe litamfunika Jabir pia, hilo nalo najua, na sisi kwetu mtoto hasemi "changu" mbele ya wazazi. Lakini bati ni la mwaka huu. Mwakani itakuwa sakafu, halafu ada ya mdogo wake, halafu harusi ya shemeji, kila moja ina sababu nzuri. Hakuna siku atakayosimama mtu akasema leo tunamwibia mtoto. Unakumbuka yaliyompata yule kijana wa taarabu, hela zake zilivyo... basi, tuyaache, marehemu baba yake alikuwa jirani yetu.

Kesi ya Coogan ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939 huko California ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, watu wanaiita kwa jina lake. Nayo ilivuja. Shirley Temple, yule mtoto mwigizaji wa nywele za mikunjo, aliingiza zaidi ya dola milioni 3, alipokuwa mtu mzima akakuta zimebaki kama 44,000. Tangu mwaka 2000 ndiyo imekaza: mapato ni mali ya mtoto, na asilimia 15 inawekwa kwenye akaunti isiyoguswa mpaka atimize miaka 18. Kwangu mimi hata 15 ni ndogo, lakini walau imeandikwa.

Coogan mwenyewe hakupotea kabisa. Alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini huko Burma vitani, akarudi kuigiza vijisehemu, na mwaka 1964 hadi 1966 akawa Uncle Fester katika The Addams Family, mchezo wa kuchekesha wa runinga, yule mjomba mwenye upara anayewasha balbu mdomoni. Alikufa mwaka 1984. Wajukuu wa waliomlilia walikuwa wakimcheka, wala hawajui kama ni yuleyule mwenye kofia.

Basi ombi langu ni hili. Kabla malipo ya kwanza hayajaingia, mfungulie Jabir akaunti ya mtoto, nusu iende huko, wala msiiguse. Nusu nyingine mkinunulia mabati sitasema neno. Mwambie Baba Jabir ni mimi niliyesema, anikasirikie mimi, nimezoea.

Sasa nijibu. Mkataba nani kausaini, na mliusoma au mlisomewa? Analipwa kwa kila sehemu au kwa jumla? Hela zinaingia kwenye simu ya nani? Wakirekodi usiku nani anakaa naye, maana mimi kazini natoka saa kumi na moja? Na mtihani wa darasa la nne je, mwalimu mkuu ameambiwa au mnamvizia? Jabir mwenyewe mlimuuliza kama anataka? Na bado anaogopa paka, nimfungie huyu wangu? Jibu kabla ya Ijumaa, na safari hii simu nitapokea.

Wako,
Mama Zai