Barua kwa wazazi wenzangu wa kikoba, kuhusu hizi sikukuu ndogo ndogo

Wanangu, marahaba, nawaitikia kabisa kabla hamjaniamkia.

Jumamosi ile baada ya kuhesabu hisa mlianza kulalamika, Saba Saba hiyo inakuja, watoto wanataka kutolewa na mfukoni hamna kitu. Mmoja akasema bora hizi siku zifutwe tu, mwingine akasema yeye anawaachia simu washinde na katuni mpaka bando liishe. Nilinyamaza sababu ya mafua, na pia ningeongea siku ile ningeongea kwa hasira. Sasa nimetulia.

Idd na Krismasi sizigusi, hizo zina nguo na pilau na zina wenyewe. Nazungumzia hizi za katikati, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere, ambazo kwenye kalenda ziko nyekundu ila nyumbani zinapita kama Jumanne.

Msidhani nawasema kutoka juu, na mimi nimepita huko. Mwaka mmoja nilibeba wajukuu wanne nikawapeleka kwenye maonyesho, hela nimekopa hapo hapo kikobani, mweka hazina anakumbuka. Jua kali, kila banda wanataka kununuliwa kitu, huyu kachoka anataka kubebwa, kurudi mdogo katapika kwenye daladala juu ya gauni la mama wa watu. Usiku nikawauliza haya mmeona nini? Mkubwa akanijibu, tumeona watu. Ng'ombe wa maziwa walikuwepo pale, matrekta, sungura, asali ya kila rangi, yeye kaona watu. Mkopo nimeulipa miezi mitatu na riba yake.

Mwaka uliofuata hata nauli sikuwa nayo. Ikafika 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere kule London mwaka 1999, watoto wako ndani wanagombania rimoti. Nikachukua kisu kibovu nikatoka uani nikaanza kuchimba vishimo chini, safu nne, kila safu vishimo vinane. Sikumwita mtu. Haikupita muda wote wanne wamenizunguka, bibi unafanya nini? Nikawaambia Mwalimu alikuwa anapenda sana bao na leo ni siku yake, bao linataka mashimo 32 na kete 64, kazi kwenu nendeni mkatafute kete. Komwe huku Morogoro hatuokoti ovyo kama watu wa pwani, basi wakaleta kokoto na mbegu za ubuyu zilizokuwa zimebaki kwenye kikopo, wakahesabu wakabishana wakahesabu tena, zinapungua tano. Ikabidi nitoe ubuyu wangu niliouficha kabatini, kila mtu amumunye atoe mbegu moja, na mimi nikiwemo. Yani tulikaa pale watu watano tunamumunya kwa ajili ya taifa.

Nikawaonyesha nyumba iko wapi, lile shimo maalumu la kila mchezaji, na jinsi ya kunamua, yani kuingiza kete moja moja mwanzo wa mchezo, habari za mtaji, ile hatua ya pili kete za mkononi zikiisha, nikaziacha kwanza maana wangechoka. Na hapo ndo maswali yakaanza kuja yenyewe, Butiama ni wapi, kwanini anaitwa Mwalimu, alikuwa anafundisha nini, mdogo akauliza je alikuwa anafungwa kwenye bao? Nikamwambia mimi sikuwahi kucheza naye. Darasani nimefundisha historia miaka mingi sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo kwa siku moja. Sa hivi ikifika Oktoba siambii mtu, wanachimba wenyewe.

Sasa nachowashauri ni hiki, tafuta kitu kimoja cha kufanya kwa mikono, kiendane na siku yenyewe, na kila mwaka kiwe hicho hicho. Usibadilishe badilishe. Mtoto anapenda kujua kinachokuja, sisi wakubwa ndo tunachoka na kurudia.

Muungano kwa mfano. Mwalimu alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964, ile picha mnaijua wote. Mimi mkwe wangu ni mtu wa Unguja, nikamwambia akienda kwao aniletee udongo kidogo, akacheka lakini akaleta, umejaa kopo la Blue Band. Tarehe 26 Aprili watoto wakachimba wa hapa uani, wakachanganya kwenye ndoo iliyotoboka, tukapanda mchaichai. Mchaichai ule upo mpaka leo, na kila Muungano tunakata tunapikia chai, na lazima mtu abishe kwamba majani haya ni ya upande wa Zanzibar. Wewe huna mkwe wa Unguja? Chukua udongo wa kwako na wa jirani, tena itakuwa sababu ya kwenda kusalimiana maana mnajijua.

Uhuru wanajenga Kilimanjaro ya mchanga halafu wanaweka mshumaa juu, kama ule usiku wa 9 Desemba 1961 Luteni Nyirenda alivyouweka Mwenge kule kileleni. Mvua ikinyesha tunajengea kwenye beseni kibarazani. Nane Nane kila mtoto anapanda mchicha wake, Agosti ni kiangazi kwahiyo lazima amwagilie, wiki tatu nne anakula jasho lake. Mei Mosi sijapata cha maana, tunalala tu, na wafanyakazi nadhani wanastahili.

Na jamani msizifanye zote mwaka huu huu, chagueni mbili. Maputo na keki zenye rangi ya bendera achaneni nazo, mtarudi kule kule kwa mikopo. Picha piga moja halafu simu weka ndani. Na nyie kina baba mnaopotea kila siku nyekundu mnarudi saa nne usiku, kuchimba vishimo hakuna gharama, hata kiti cha kukalia uani mnacho.

Saba Saba yenyewe hii hapa kwangu tunafanya maonyesho ya kibarazani, maana TANU, chama kilichodai uhuru, imezaliwa 7 Julai 1954 na mimi nimezaliwa mwaka huo huo, kwahiyo naihesabu kama yangu. Watoto wanapika visheti na mama zao asubuhi, wanapanga kwenye sinia, wanaandika bei kwenye karatasi za daftari, kimoja shilingi mia, wanunuzi ni sisi wakubwa na hakuna kukopa. Leteni wenu kuanzia saa tisa, kila mmoja aje na kitu alichotengeneza mwenyewe, hata kama ni gari la waya.

Ila lile sinia langu kubwa lilienda kwenye ile hitma ya mwezi wa tano na halijarudi. Aliyenalo anajijua, alilete kabla ya tarehe sita, hata asubuhi na mapema aliache mlangoni, sitouliza.