Barua kwa mwanangu: hiyo "lakini" yako

Mwanangu,

Tangu Jumapili silali vizuri. Uliniambia mwenzako wa chumbani "ni wa kule, mama, lakini ni mtu mzuri." Lakini ya nini? Hamjamaliza wiki mbili pamoja, na tayari ana kosa la kusamehewa.

Najua umeitoa wapi. Kila rafiki uliyemleta hapa, kabla hajaketi, nilikuuliza jina lake la pili, lile linaloonyesha kabila. Nikishalisikia, basi, nimemjua: watu wake wachoyo, watu wake wana mkono mrefu.

Kazi yangu ni kuchambua nguo za mitumba. Bale likifunguliwa, mkono unagusa, jicho linaona: kamera, zile bora, huku, fagia, zile hafifu, kule. Ningeanza kufikiria upya kwa kila sweta, jua lingetua bale halijafika nusu. Watu nao akili inawachambua hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Ubaya ni kwamba fungu likishawekwa halibanduki. Mmoja wao akikudanganya utasema si nilijua. Kumi wakikutendea wema utasema hawa si kama wenzao. Hiyo ndiyo lakini yako.

Mwisho wa Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika hapa Nakuru, wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Barabarani watu walishushwa kwenye matatu wakaambiwa watoe vitambulisho. Nyuma pameandikwa wilaya, tarafa, lokesheni, hiyo ilitosha kukuhesabu kabila. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Usiku mmoja mama tuliyepakana meza sokoni alibisha mlango, akaniita kwa jina lako, Mama nani. Sauti niliijua. Nilikaa gizani nikiwaza jina lake la pili. Alipona, siku hizi anaishi Njoro. Mwaka jana alinunua koti kwangu, hata bei hakuomba nimpunguzie.

Sokoni wote wanajua nina mtoto chuoni Eldoret, nawaambia hata wasioniuliza. Lakini nyanya yako hujampigia tangu uondoke, na yeye ndiye aliyeuza mbuzi ukapata nauli na godoro. Mpigie leo.

Na huyo mwenzako, muulize kwao wanapika nini, analala saa ngapi, mtihani gani unamtisha. Kura za 2027 zinakuja, watu wataanza tena kuhesabiana majina, na wewe uko mbali nami. Ukinipigia, nipe habari zake. Jina la pili usinitajie hata nikiuliza. Nitauliza, najijua.

Tangi limeanza kuvuja tena upande wa bomba, fundi anataka elfu mbili. Ndugu yako amekuwa wa tatu darasani, ila viatu vimekwisha. Pesa ya matumizi nitakutumia kwa M-Pesa Ijumaa, usiimalizie chipsi.

Blanketi nimelituma na matatu ya saa tatu asubuhi, kalichukue stejini kabla hawajafunga. Nimeweka mawili. Eldoret usiku kuna baridi.

Mama yako