Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Waongoza Watalii, Malindi, kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa ufuoni, assalamu alaikum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami simwingilii. Msimu ulikwenda kama tunavyoujua: kaskazi ilituletea wageni, na kusi lilipoanza kuvuma wengi wetu tukarudi mashambani. Ada zinaingia kwa kusuasua, wanaohusika wanajijua.

Kilichonisumbua zaidi mwaka huu ni maneno yaliyozagaa mjini kwamba Ulaya imefunguliwa na sasa mtu anaingia bila viza. Hapa Malindi, ambapo karibu kila familia ina shemeji, rafiki au mteja wa Kiitaliano, maneno kama hayo hayachukui muda kuenea. Kuna vijana wetu waliomlipa wakala mmoja aliyewaambia kwamba Romania sasa ni njia ya wazi ya kufika Italia. Pesa zimekwenda na viza haijaonekana. Kwa hiyo nieleze kilichotokea.

Kilichofunguliwa ni mipaka yao wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 1 Januari 2025 Romania na Bulgaria ziliondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka yao ya nchi kavu na majirani walio ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kutokaguana mipakani. Kwenye viwanja vya ndege na bandari ulikuwa umeshaondolewa tangu 31 Machi 2024. Nchi hizo ziliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, na mwaka 2011 zilionekana kutimiza masharti ya Schengen, lakini kila mwanachama lazima akubali, na Austria ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuondoa pingamizi lake, Desemba 2024. Miaka yote hiyo malori yalilala foleni mpakani. Jambo hili lilianza na nchi 5 zilizotia saini mkataba Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg; leo ni nchi 29. Italia yenyewe ilichelewa, haikuanza kuutekeleza mkataba huo mpaka Oktoba 1997. Tumelisikia hapa kwa sababu Waromania ndio wageni wengi kuliko wote wanaoishi Italia, na wateja wetu wanalizungumza mezani.

Sasa upande wetu. Nyumba imeng'oa milango ya vyumbani. Mlango wa barazani bado una komeo, na Mkenya anagonga pale pale. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo anayekwenda kwa rafiki yake Bologna aombe Italia. Asidanganywe aombe kwingine kwa kuwa eti ni rahisi.

Na kuna jambo ambalo wakala hakulisema. Ruhusa ya kukaa ni siku 90 katika kila siku 180, kwa eneo zima. Zamani mtu mwenye viza ya kuingia mara nyingi angeweza kukaa Italia siku 60, akahamia Romania siku 40, na hizo 40 zisihesabiwe. Leo amezidisha siku 10. Na tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuacha mihuri na kuweka alama za vidole na picha ya uso kwenye mtambo, kwa hiyo kompyuta ndiyo inayohesabu, na kompyuta haina huruma ya afisa aliyechoka. Kufunguliwa kwa Romania, kwa baadhi yetu, kumebana badala ya kulegeza. Tena pasipoti msiiache hotelini: Italia ilirudisha ukaguzi mpakani na Slovenia tangu Oktoba 2023, na Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024.

Wageni wetu, wao hawana mabadiliko. Kenya iliacha kuwadai viza Januari 2024, ila lazima waombe kibali cha mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Wakumbusheni mapema, maana mgeni akizuiliwa uwanjani safari ya Marafa au Watamu imepotea, na nyinyi ndio mnaorudisha malipo ya awali.

Kwa maoni yangu, tumeishangilia mipaka ya wenzetu na kuusahau wetu. Tangu Januari 2014 Mkenya anakwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tanzania haimo katika mpango huo. Mimi nina ndugu Tanga na Pemba, sina hata mmoja Kigali, na sidhani niko peke yangu ukumbini humu. Nikienda kumzika shangazi, mpakani Lunga Lunga nitadaiwa pasipoti au hati ya muda.

Kamati inapendekeza tuwaandikie wabunge wetu wa Afrika Mashariki barua juu ya kitambulisho hicho. Rasimu iko kwa katibu. Mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka apite aisome na kutia saini kabla ya Ijumaa, kisha tuendelee na uchaguzi wa mweka hazina msaidizi.

Mwenyekiti, Malindi