Mzee Ojwang' tusimsahau

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke marehemu Benson Wanjau, aliyetutoka tarehe 12 Julai 2015, ambaye Wakenya tulimjua zaidi kwa jina la Mzee Ojwang'.

Kwa miongo kadhaa aliigiza katika vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, na ustadi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba yeye, Mkikuyu kwa kuzaliwa, aliiga lafudhi ya Kijaluo hadi wengi wakaamini ndiyo lugha ya mama yake. Kwetu nyumbani ugali ulipoa sahanini tukimtazama akibishana na Mama Kayai, mkewe katika igizo, miwani puani, suruali kaipandisha juu ya kitovu.

Macho yalipoanza kumsumbua, wananchi ndio waliochanga fedha za matibabu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani mtu aliyelichekesha taifa zima hakustahili kungojea mchango uzeeni. Nawasihi wenye vituo vya televisheni wawape waigizaji mikataba inayowalipa kila vipindi vyao vinaporudiwa, na kanda za zamani zihifadhiwe kabla hazijaharibika.

Msomaji wako,
Nakuru