Geini ya amplifaya si voliumu jamani

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee mziki wa magari, hasa hizi nganya (matatu zilizopambwa) zetu za hapa Nakuru na zile za Kisumu, juu naona watu wanachoma pesa bure. Mimi ni fundi, na woofa, zile spika za besi, zinaletwa kwa meza yangu zikiwa zimeungua, ukibonyeza koni na vidole inakwaruza ndani, ukiifungua koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekuwa nyeusi na harufu ya vanishi iliyoungua inajaa kibanda chote, halafu mwenye gari anaapa aliuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ni geini, ile nobu ndogo kwa amplifaya, imefunguliwa mpaka mwisho.

Watu wanaichukulia geini kama voliumu ya pili, fundi anaizungusha yote ndio mteja asikie kishindo, analipwa, wanaachana. Kazi ya geini ni kulinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwa redio. Kuna redio zinatoa volti 2, zingine 4, sasa kama yako inatoa 4 na geini imewekwa kama ya redio dhaifu, amplifaya inaishiwa nguvu mapema sana hata kabla upandishe voliumu vizuri, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na koili inakula moto ambao haikuundiwa. Sauti safi haiongezeki hata kidogo, kinachoongezeka ni makelele na joto, na abiria aliyekaliwa na hiyo woofa mgongoni kutoka Kondele mpaka Mamboleo anashuka kichwa kinamuuma.

Na kuiseti si kazi ngumu. Toa waya za spika kwa amplifaya, zima besi-busti, ekwalaiza iache flati, geini irudishe chini kabisa, voliumu ya redio ipeleke robo tatu hivi, cheza mlio wa hezi 50 kama ni woofa (ziko za bure kwa simu), mita iweke kwa volti za AC pale spika hufungwa. Chukua wati za amplifaya zidisha kwa omu za spika halafu tafuta kipeuo cha pili, yaani wati 400 kwa omu 4 ni volti 40, wati 100 kwa omu 4 ni volti 20. Pandisha geini polepole, mita ikisoma hiyo namba unaachia hapo. Na tafadhali hesabu na wati za RMS, zile amplifaya inaweza kutoa mfululizo, si zile za max zimeandikwa kubwa kwa boksi, hizo ni za kuuzia tu.

Dereva naye aonyeshwe ile robo tatu ndio mwisho wake, asiipite.

Sako zetu za matatu zingeanza kudai hivi, kwamba gari haitoki kwa fundi kabla mwenyewe aone namba kwa mita. Mita ya kawaida inatosha kabisa, na kazi yote haimalizi nusu saa.

Fundi wa mziki wa magari,
Nakuru