Risiva ya Kaka Salum

Mwanakwerekwe, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanajuma,

Assalaam alaykum. Hujambo, watoto hawajambo, mzee hajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, Mavyaa tu ndiye analalamikia magoti, na hilo si geni kwako. Najua utasema nimekukalia kimya tangu harusi ya kina Rukia. Kweli, lakini na simu yako kila nikipiga haipatikani, basi tusihesabiane. Kilichonikalisha kitako leo ni risiva ya Kaka Salum, ile redio yake kubwa ya kuendeshea spika. Inajizima.

Nasema inajizima, sisemi imeharibika, na hapo ndipo ninapopishana na kila mtu humu ndani. Unaiwasha, unasikia ile klik ya rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika, muziki unatoka vizuri, bezi imetulia. Kisha katikati ya wimbo, klik, kimya, na kwenye kioo panamulika PROTECT, yaani inajikinga. Mume wangu anasema ina jini lisilopenda taarabu. Nikaipeleka Darajani kwa fundi mmoja, kafungua kifuniko, kachungulia, kasema, "Aisii imekufa hii mama, lete elfu themanini." Nikamuuliza aisii ipi, maana vile vidude vyeusi vya saketi viko vingi. Akasema zote! Nilipomkazia macho akageuza maneno: basi tutaruka hapa kwa waya, hiyo protekta tuiue, haitazima tena milele. Haitazima ndiyo, mpaka iunguze spika, au sebule yangu. Nikaufunga mzigo wangu nikarudi nao kwenye daladala nimeupakata, watu wananitazama.

Wewe unanijua nikishachokozwa. Nikasema mashine inayojizima inakimbia kitu, na vitu vyenyewe si vingi: ama mkondo umezidi kwenye spika, ama umeme wa DC, ule kama wa betri, unavujia kwenye spika, ama joto. Nikaanza kwa kuzing'oa spika zote, nikaiacha tupu toka alasiri mpaka baada ya isha. Haikuzima. Hapo roho ikatua kidogo, maana transista za kutolea sauti zingekuwa zimekufa isingesubiri, ingezima hapo hapo hata bila spika. Nikaazima testa ya skuli, nikapima DC kwenye matundu ya spika, ikasoma milivolti chache tu kulia na kushoto. Aisii zote zimekufa, eti.

Nikarudisha spika moja moja. Upande wa kulia nikamulika kwa simu, nikaona uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoka kwenye tundu jekundu umeliegemea jeusi. Sauti ikipanda meza inatikisika, uzi unagusa, shoti, klik. Nikaukata, nikazisokota nyuzi upya, nikazibana. Nikajipongeza mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunipongeza. Ikaenda vizuri siku kadhaa, halafu ikazima tena, safari hii usiku mkubwa.

Kumbe Hamadi wa humu ndani naye alikuwa na lake. Spika zetu za kawaida ziko kwenye matundu ya A; yeye kachukua spika mbili za barazani kaziunga kwenye B, matundu ya jozi ya pili, ili na wapita njia wafaidi. Sasa spika zetu ni omu 8 kila moja. Ukiwasha A na B pamoja zinakaa sambamba, unapata omu 4 kila upande, na mgongoni mwa risiva pameandikwa kabisa kwamba ukitumia A na B, kila spika isiwe chini ya omu 12. Nikazing'oa za barazani. Hamadi kanuna mpaka leo, chai yangu hanywi.

Halafu kuna kitambaa. Kile cha Mavyaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, unakijua. Kinakaa juu ya risiva sawasawa na matundu ya kupumulia. Nakitoa asubuhi, nikirudi skuli nakikuta kimekunjuliwa vizuri kimewekwa palepale, na juu yake vesi. Nimemwambia kwa adabu kwamba mashine inataka hewa. Akanijibu mashine inataka heshima. Sasa mke wa mtu nitasemaje?

Ila hata bila kitambaa, hata na spika mbili tu, inazima. Na haizimi jioni. Jioni unaweza kuimba nayo mpaka ukachoka. Inazima kuanzia saa sita usiku kwenda mbele, sauti ya chini kabisa, mie na madaftari yangu ya kusahihisha. Hilo ndilo limenisumbua, maana jioni ndiyo kuna joto, usiku kumepoa. Ingekuwa ni kukosa hewa tu, basi ingezima jioni.

Nikapindua risiva kusoma kibati cha nyuma. 100V, 50/60Hz. Mashine ya Kijapani kwa Wajapani, Mwanajuma! Unakumbuka tulivyofundishwa kwamba kule upande wa Tokyo umeme ni hezi 50 na upande wa Osaka hezi 60? Wetu ni 50, kwa hiyo hezi si tatizo. Tatizo ni volti. Kaka Salum alituachia na transfoma yake ya kushushia, ile ya bluu, lakini ile imeandikwa 220 kwenda 110, haijui mia. Inagawa kwa mbili tu, chochote unachoipa. Nikaipima jioni, watu wote wanapika na kupiga pasi: ukutani 205, kwenye risiva 102. Raha mustarehe. Nikaamka usiku nikapima tena, mtaa umelala: ukutani 238, risiva inakula 119.

Sasa piga hesabu mwalimu mwenzangu. Volti zikizidi kwa asilimia 19, moto kwenye kizuizi, yaani rezista, unapanda kwa mraba, unakuwa zaidi kwa kama asilimia 40. Risiva si kizuizi kitupu, najua, usinikosoe, lakini mwelekeo ni huo. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko usiku ule sikuweza kukiacha, na harufu ile ya vumbi lililochomeka. Jioni kilikuwa vuguvugu tu. Ninaamini hilo ndilo linaloizima, na kitambaa kinasaidia kumalizia. Mume wangu anasema bora jini, jini halihitaji vipuri.

Ndipo ninapokujia wewe. Huku nimetafuta transfoma ya 100 nimechoka, zote ni 110. Nakuomba upite Kariakoo kwa wale wanaosuka mota, wanisukie moja: kuingia volti 240, kutoka 100, VA 500, yaani ukubwa wa mzigo inaoweza kubeba. Risiva imeandikwa wati 220, kwa hiyo 500 itaivuta bila kutoa jasho. Waambie waya wa shaba. Kwaruza kwa wembe kabla hawajasuka, ukiona weupe ndani ni alumini, ondoka. Na wasikuuzie yale mavibweta mepesi ya kielektroniki ya kusafiria, yale ya pasi za nywele, hayafai kwa redio hata kidogo. Ukiiinua kwa mkono mmoja bila kuguna, si yenyewe. Wakimaliza wapime mbele yako. Ikisoma 103 au 104 bila mzigo usigombane nao, ikibebeshwa itashuka.

Ukishaipata mpe yule kijana wetu wa bandarini aipakie kwenye boti ya asubuhi, mie nitamtuma Hamadi akaipokee, labda ataacha kununa.

Nisingekusumbua hivi, ila Kaka Salum anakuja kutoka Muscat kabla ya Idi, na kitu cha kwanza atakachouliza, kabla ya mama yake, ni hii risiva. Unajua alivyo nayo. Ule mwaka wa kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, yeye alikuwa ananunua petroli ya jenereta kwa ajili ya redio kwanza, friji baadaye. Mie niliapa nitamtunzia. Siwezi kumpokea kwa PROTECT.

Haya, na wewe? Uhamisho ulikubaliwa au bado wanakuzungusha? Mtoto wa kati kaanza kidato cha kwanza? Na yule bwana wa Tabata, mbona hukunimalizia ile habari, alirudisha zile pesa au ndiyo vile? Zubeda kajifungua? Unadhani fundi atataka kiasi gani kwa kazi ile, na atahitaji siku ngapi? Au unaona niagize VA 300 tu, nipunguze gharama? Mie naona 500, lakini nambie. Pesa nitakurushia kwa simu hapo hapo ukishanipa bei.

Na Kaka Salum akikupigia, maana huwa anakupigia, mwambie risiva inalia vizuri. Jioni si uongo.

Wako,
Mwanaisha